Siku nane Mafia kwa kufuata maji

Ratiba hii ya kisiwa cha Mafia inafuata mwezi wa angani. Inaanza mwezi 25 na kuishia mwezi 3, kwa sababu magofu ya mji wa Kua huingilika vizuri kwa mashua maji yakijaa mchana, na mabaki ya mji wa Kisimani huonekana maji yakikupwa mchana. Mwezi ukiwa 26 au 27, maji ya Ghuba ya Chole hujaa kati ya saa saba na saa nane mchana. Mwezi ukishaandama, maji makavu huangukia saa tano hadi saa sita. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Hesabu hiyohiyo inafaa pia kuanzia mwezi 11 hadi 18, kuelekea na kupita mwezi mpevu. Anayepanga kwa tarehe za likizo pekee hufika Kua akakuta tope, kisha akafika Kisimani akakuta bahari tupu.

Kuhusu msimu, kuanzia Septemba hadi Februari bahari ina adabu zaidi. Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu, lakini ndiyo miezi ya kuona vitoto vya kasa, kwa hiyo mtu achague shida yake.

Siku ya 1 (mwezi 25): Mbagala, Bungu, Nyamisati, Kilindoni

Mabasi ya Nyamisati huondokea Mbagala Rangi Tatu, na ya asubuhi na mapema ndiyo ya kupanda. Barabara ya kusini inapita Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu Mpakani hadi Bungu, na hapo gari linakata kushoto kuelekea baharini, takriban km 40. Ukilala usingizi ukazinduka Kibiti, umeshapitiliza.

Nyamisati ni bandari ndogo ndani ya mikoko, upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji. Delta hii ina takriban hekta 53,000 za mikoko, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kuliko huu Afrika Mashariki mahali pamoja. Chombo kikitoka, angalia miti inavyopokezana. Mlilana unasimama mbele kabisa, miguu ikiwa ndani ya maji. Nyuma yake ni mkoko wenye mizizi ya kuning'inia, kisha msinzi, na juu zaidi mkandaa, kwenye ardhi inayofikiwa na maji ya bamvua tu, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Mchu utauona pembe zote mbili, mbele na nyuma. Mpangilio huu una kazi yake katika safari: boriti zilizoezeka nyumba za mawe za pwani hii zilitoka kwenye misitu ya namna hii, na utaziona tena Kua, au utaona mashimo zilimokuwa.

Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na kuna boti za watu binafsi. Ratiba hubadilika, kwa hiyo uliza siku moja kabla, na uliza gati yenyewe maana wakala wa mjini mara nyingi ana habari ya juzi. Safari yote ni ya saa kadhaa. Sehemu ya kwanza ni mto na maji yake ni shwari. Shida huanza mnapotoka mdomoni: mkondo wa maji yanayokupwa ukikutana na upepo wa kusi, mawimbi huwa mafupi na ya kusimama. Kaa nyuma ya katikati ya chombo, mbali na moshi wa injini, mzigo ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kabla ya kuingia begini. Jaketi la kuokolea livae ukiwa gatini, ujaribu kamba zake hapo hapo. Boti iliyojaa kupita kiasi iache iende. Kesho kuna nyingine.

Huko ndani ya vijito ndiko manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikojificha baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915 ili wapate mahali pa kurushia ndege zao, kwa sababu baharini hakuna aliyeweza kuona kilichokuwa nyuma ya mikoko. Tarehe 11 Julai 1915 ndege zikawaelekeza wapiga mizinga, na manowari ikaishia palepale mtoni.

Siku ya 2 (mwezi 26): Kilindoni hadi Utende

Kilindoni ni mahali pa shughuli: soko, benki, hospitali, uwanja wa ndege, wakala wa pesa za simu. Chukua pesa taslimu hapa kwa safari yote, noti ndogondogo, maana visiwani chenji ni tatizo. Mji huu ndio makao makuu tangu 1913, Wajerumani walipoyahamisha kutoka Chole. Sababu ilikuwa kina: meli ya moshi ilihitaji maji marefu, na milango ya miamba ya Ghuba ya Chole ilifaa jahazi kuliko meli.

Simama ufukweni hapa utazame rangi ya maji. Ni ya kijani iliyochafuka, kwa sababu udongo na rutuba ya Rufiji vinaishia upande huu wa magharibi. Rutuba hiyo hulisha vijidudu vya baharini, na vijidudu humlisha papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Ukienda kumtazama, baki ubavuni mwake, usimguse, na usikubali nahodha ampite mbele kumkata njia. Akisumbuliwa huzama, na siku yenu inakuwa imekwisha.

Barabara ya Utende inakatisha kisiwa kutoka magharibi kwenda mashariki, takriban km 15, ndani ya minazi na mikorosho. Ukifika ng'ambo, maji yamebadilika kabisa: ni meupe, unaona chini. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa historia ya Mafia nzima. Magharibi ni mchanga na tope la mto. Bandari ni nzuri lakini nchi inalika. Mashariki ni jiwe la matumbawe. Nyumba inadumu lakini udongo ni mwembamba, na maji ya kunywa ni ya kutafuta. Wenyeji wamehama kati ya hali hizi mbili kwa karne nyingi: Kisimani, Kua, Chole, na sasa Kilindoni.

Utende kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye km za mraba 822. Ada hulipwa langoni. Tunza risiti, utaulizwa hata ukiwa majini. Jioni panga mashua ya kesho. Mapatano yazungumzwe yote kabla: mafuta ni ya nani, nani anasubiri, mnarudi maji yakiwa wapi. Usimwambie nahodha "saa tano kamili". Muulize yeye, "Maji ya kuingia Kua yanafika saa ngapi?" Akijibu bila kutazama bahari wala kuhesabu mwezi, tafuta nahodha mwingine.

Siku ya 3 (mwezi 27): Juani, magofu ya Kua

Maji yanajaa kama saa nane. Ondoka Utende saa tano na nusu, mwingie mkondo wa Kua na maji yanayopanda, mshuke kama saa saba. Mna saa mbili, mbili na nusu hivi. Mkichelewa kutoka, mashua inakaa kwenye tope hadi usiku, na mbu wa mikokoni wanalijua hilo. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwani jiwe la matumbawe lina makali hata chini ya majani. Chukua maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu. Pitieni kwanza kwenye uongozi wa kijiji, mpate na mtu wa kuwaongoza. Licha ya kuwa ni adabu, vichaka huota upesi baada ya mvua, na njia ya mwaka jana huenda haipo.

Kua ulikuwa mji wa mawe, upande wa magharibi wa Juani, ukitazama maji yaliyotulia. Kuta nyingi zilizosimama leo ni za karne ya 18. Cha kwanza cha kutafuta ni kasri, jengo lenye dalili za ghorofa. Tazama ukutani juu utaona mistari ya mashimo ya mraba, yamepangwa sawasawa. Humo ndimo zilimokaa boriti za sakafu ya juu. Kisha pima upana wa vyumba kwa hatua. Karibu vyote havizidi mita 3, hata vile virefu kama ukumbi. Boriti ya mkoko ikizidi urefu huo hupinda chini ya uzito wa dari ya mawe na chokaa, kwa hiyo mwashi aliyetaka nafasi alirefusha chumba, hakukipanua. Mikoko ya delta ndiyo iliyoamua watu wa Kua walale katika vyumba vya umbo gani.

Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, kisha kupigwa lipu. Fremu za milango na mihrabu zilitengenezwa kwa tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bichi, maana hilo huchongeka kwa urahisi kabla halijakauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri ya magogo na kuyaacha yalainike kwa unyevu. Jengo la namna hii hufa kuanzia juu. Dari ikianguka, mvua huingia katikati ya ukuta na kuosha chokaa, mawe ya juu yanalegea, ndege wanaacha mbegu za mkuyu kwenye ufa, na mizizi inamalizia kazi. Kung'oa mti uliokwisha kuota ndani ya ukuta ni kosa la kawaida la wenye nia njema. Mara nyingi mzizi ndio uliobaki umeshika mawe, ukiutoa unashuka nao wote. Mti hukatwa, shina likaachwa lioze polepole, huku ufa ukijazwa chokaa. Saruji haifai. Ni ngumu kuliko tumbawe, inafungia unyevu ndani, na jiwe linalozunguka linapukutika.

Misikiti ya Kua iko kadhaa. Ukipotea ndani ya vichaka, tafuta mihrabu: Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mafia, longitudo zake zikiwa karibu sawa, hivyo kila kibla hapa ni dira. Karibu na makaburi utaona vyungu, pesa za sarafu na alama za ubani. Ni vitu vya watu walioweka nadhiri juzi au mwaka jana. Visiguswe, na picha uombe kwanza.

Wazee wanasimulia kuhusu Kua na Kisimani. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye kulishusha, na badala ya magogo ya kuviringishia wakawalaza watoto wa wageni wao chini ya mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo. Kua walinyamaza miaka. Kisha wakaalika Kisimani arusini, wakawaweka kwenye chumba cha chini kilichopambwa, na wakati wa karamu mlango ukazibwa kwa mawe. Mwongozaji atakuonyesha chumba. Hakuna wa kuthibitisha, lakini masimulizi yanaeleza vizuri uhasama wa miji miwili, mmoja wa mchanga na mmoja wa jiwe, iliyogombea ghuba na biashara ileile.

Mwisho wa Kua uko wazi zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) walikuja kwa mitumbwi yao ya baharini, kama walivyokuwa wakishambulia Visiwa vya Ngazija, wakauvunja mji na kuchukua watu mateka. Seyyid Said alituma askari kutoka Unguja kuwafuata. Waliosalia hawakurudi kujenga Kua. Maisha yakavuka maji hadi Chole.

Vigae vimetapakaa kila mahali, vya udongo wa hapa na vyenye rangi ya kung'aa kutoka ng'ambo. Viache. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni mali ya kale inayolindwa, na kigae ulichokihamisha hata mita kumi kimepoteza habari yake.

Siku ya 4 (mwezi 28): Chole

Kutoka Utende ni mvuko wa dakika 10 hadi 15. Kisiwa ni cha km 2 hivi za mraba, hakina magari, na kila njia inarudi ufukweni. Kabla ya saa tatu asubuhi ni wakati mzuri wa magofu, na mchana wa mafundi. Jioni waachie popo.

Karne ya 19 mjini palikuwa hapa. Wenye mashamba, wengi wao Waarabu wa Oman, walikaa Chole kwa ajili ya upepo na usalama, na minazi yao ilikuwa kisiwa kikubwa, ikilimwa na watumwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka na mahali pao pa ibada. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar mark milioni 4 kwa mwambao wa bara pamoja na Mafia, na bendera ya boma ikapandishwa Chole. Leo kuta za gereza, boma na hekalu zimeshikwa na mizizi minene kiasi kwamba huwezi kusema kipi kinamshikilia mwenzake. Ni mahali pa kupendeza, na wageni wengi hawaulizi zaidi. Lakini nazi zilizolipia kuta hizi zilianguliwa na watu waliomilikiwa, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika hadi 1922.

Ufukweni, chini ya miembe, utakuta mafundi wa vyombo. Kazi yao inastahili saa nzima ya kukaa kimya na kutazama. Kwanza mkuku unalazwa juu ya magogo, mti mmoja ulionyooka. Mbele unasimamishwa mti wa hanamu, nyuma fashini, vyote vikinyooshwa kwa uzi na jicho. Mbao za kwanza zinakaa pembeni mwa mkuku, kisha mataruma, mbavu za chombo, yanaingia. Taruma nzuri haipindwi, hutafutwa mti uliokwisha kupinda wenyewe, kwa mfano tawi la mwembe au mkorosho, na fundi huenda shambani na umbo lake kichwani. Ukikata taruma kutoka mbao iliyonyooka, nyuzi za mti zinakatika kwenye kona na taruma hupasuka msimu wa kwanza wa kusi. Tezo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, msumeno baadaye.

Kila msumari hutanguliwa na tundu la keekee, bila hivyo ubao unachanika. Chini ya kichwa cha msumari huzungushwa pamba yenye mafuta, ili maji yasifuate chuma kuingia ndani. Msumari ukishika kutu, ubao unaouzunguka unakuwa mweusi na laini, na hapo ndipo chombo cha zamani huanza kuvuja kabla ya mahali pengine popote.

Kalafati huja mbao zikishakauka. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, kisha husukumwa kwenye maungio kwa chembeu na nyundo. Fundi husikiliza mlio: ukiwa mzito na mfupi, pamba imekaa; ukiwa wa wazi, bado kuna nafasi. Makosa ni mawili. Pamba kavu hunywa maji badala ya kuyazuia. Na mkono mzito hutanua ungio na kulegeza mbao mbili jirani, ukiziba hapa umefungua pale. Ndiyo maana chombo kinachoundwa hufunikwa makuti: jua likipiga ubavu mmoja, mbao hukauka kwa kasi tofauti na kalafati haitakaa.

Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Chokaa huwachoma wadudu watoboao mbao, shahamu huishikisha isioshwe. Deheni huisha, kwa hiyo chombo hupandishwa nchi kavu wakati wa bamvua, husimamishwa kwa gadi, miti ya kuegemeza, pande zote mbili, hukwanguliwa na kupakwa upya kabla maji hayajarudi. Gadi ikikaa kwenye mchanga laini bila ubao chini yake, huzama upande mmoja na chombo hulala. Kulishusha jahazi jipya pia husubiri maji makubwa: dua, ubani, magogo, kamba, na kijiji kizima kwenye kamba.

Popo wa Chole ni popo wakubwa wa matunda, jamii inayopatikana hapa Mafia na Visiwa vya Ngazija. Mchana wananing'inia juu ya miti yao wakigombana kwa sauti, na jua likitua wanaondoka kuelekea mashamba ya kisiwa kikubwa. Usipige makofi ili waruke upate picha. Wanapoteza nguvu wanazozihitaji usiku, na mwenye shamba aliyeketi kando yako hatakusifu.

Siku ya 5 (mwezi 29): Jibondo

Jibondo iko kusini ya Juani, jiwe tupu lililoinuka kidogo juu ya bahari. Kisima cha maji matamu hakuna. Maji ni ya mvua yaliyohifadhiwa, na kiangazi huletwa kwa mashua kwenye madumu. Kwa hiyo sheria ya mgeni ni moja: njoo na maji yako, ya kunywa na ya kunawa, na usikubali kukirimiwa ndoo ya kuoga hata ukibembelezwa.

Watu wa hapa wanajulikana Mafia nzima kwa kuunda vyombo na kuvua mbali. Kwenye vichanja utaona ng'onda na pweza akikaushwa. Kwenye uwanda wa miamba wanawake wanachokoa pweza kwa fimbo maji yakikupwa. Pweza hukua haraka na huishi muda mfupi, kwa hiyo kuufunga mwamba miezi michache huonyesha matokeo upesi, kuliko kumsubiri changu au chewa. Hata hivyo usidhani kila mtu huku anaipenda hifadhi. Marufuku ya baruti ilipokewa vizuri, ya kokoro, nyavu za kukokota, ilizua maneno, na anayeuliza atapata maoni yote mawili kwenye baraza moja.

Kurudi ni kwa tanga ikiwa upepo ni wa kusi. Abiria hukaa upande wa joshi, unakotoka upepo, na kuhama anapoambiwa. Nahodha akisema "inama", inama kwanza ndipo uulize, kwa sababu foromali, mti unaobeba tanga, inapita kichwani.

Siku ya 6 (mwezi 1): Juani tena, upande wa pili

Maji makavu kama saa tano asubuhi. Shuka mapema, vuka kisiwa kwa miguu kupitia kijijini na vichakani hadi pwani ya mashariki inayotazama bahari kuu. Fukwe za upande huu ndizo wanazotagia kasa. Vitoto huchukua siku 50 hadi 60 kutoka, na wengi hutoka kati ya Juni na Agosti. Kiota kinacholindwa kina tarehe yake, na vijana wa kijiji wanaokitunza watakuambia kama kuna kinachotarajiwa. Taa za simu zizimwe, usisimame kati ya kiota na bahari, na usikibebe kitoto kukisaidia. Mwendo wake wa mchangani ni sehemu ya kujua njia ya kurudi.

Njiani unapita karibu na shule ya msingi ya Juani. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hapo mabaki ya makazi ya karne ya 4 hadi ya 6, mamia ya miaka kabla ya jiwe la kwanza la Kua, na pango la Ukunju kisiwani humo nalo limechimbwa. Juu ya ardhi hakuna cha kuona. Lakini inakueleza kuwa watu wa makazi hayo walikuwa wakulima na wavuvi wa nyumba za udongo, waliovuka mlango wa bahari wakiwa na mbegu na vyungu vyao.

Siku ya 7 (mwezi 2): Ras Kisimani

Rudi magharibi. Rasi iko ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa kikubwa, kwa pikipiki kwenye njia ya mchanga au kwa mashua. Pikipiki ni nafuu, ila mchanga mkavu wa mchana huangusha, punguza upepo kidogo kwenye matairi. Fika kabla ya maji kukauka kabisa, kama saa tano na nusu, uyafuate yanavyotoka.

Hapa palikuwa mji kabla ya Kua. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba, na ripoti yake ilitoka 1961. Sehemu kubwa sasa iko baharini. Rasi ni ya mchanga, mikondo ya mlangoni inausogeza mwaka hadi mwaka, na ukingo wa pwani unakatwa kama ukuta wima. Tembea ufukweni ukiutazama ukingo huo kwa mbali kidogo. Utaona mistari: udongo mweusi wa majivu na magamba ya chaza, juu yake mchanga mweupe, halafu mizizi ya minazi. Mstari mweusi ndio mji. Kila bamvua kubwa hung'oa kipande, vigae na pengine sarafu hubaki ufukweni saa chache, kisha maji huvichukua. Ukiona kitu kinachochomoza, kipige picha kikiwa palepale, na kitu cha kipimo kando yake, mfano kalamu, uonyeshe na mnazi au alama iliyo karibu. Peleka picha ofisi ya utamaduni ya wilaya, Kilindoni. Hilo lina faida kuliko kigae mfukoni.

Usiegemee ukingo wala kukaa chini yake kutafuta kivuli. Unaanguka bila kutoa sauti.

Siku ya 8 (mwezi 3): Kilindoni hadi Nyamisati

Maji yamejaa alfajiri kama saa kumi na mbili, yanakupwa asubuhi yote. Chombo kinachoondoka mapema kinaweza kufika mdomo wa delta maji yakiwa madogo kikasubiri nje, kwa hiyo usiweke ahadi ya Dar es Salaam kabla ya usiku. Nazi za kuleta nyumbani zinunuliwe sokoni, si gatini. Bei ya gatini imeshasafiri.